Barua kwa Mhariri: Mafuta ya bunduki yawekwe chuma kinaposuguana, si moto unapopita

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala ya gazeti lako kuhusu utunzaji wa bunduki za nusu-otomatiki, yaani zile zinazojipakia zenyewe baada ya kila risasi, na namshukuru mwandishi wenu kwa kuligusa jambo ambalo wamiliki wengi wenye leseni huachiwa wajifunze peke yao. Hata hivyo, ushauri wake mkuu, kwamba baada ya kupiga shabaha mtu aisugue bunduki mpaka ing'ae kisha aipake mafuta kwa wingi kila mahali, hauwezi kuachwa upite bila kujibiwa. Panga hulindwa hivyo, na halidhuriki. Bunduki ya aina hii huendeshwa na moto wake yenyewe, na mafuta yanayoisaidia mahali pamoja huiharibu mahali pengine kwa umbali usiozidi upana wa vidole viwili.

Risasi inapofyatuka katika bunduki nyingi za kundi hili, sehemu ndogo ya gesi ya baruti huchepuka kupitia tundu lililotobolewa kwenye mtutu, ikasukuma pistoni au kibeba bolti kurudi nyuma (bolti ni kipande cha chuma kinachoifunga nyuma ya mtutu). Bolti hufunguka, kulabu hulivuta ganda tupu kutoka chembani, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, kirushio hulitupa nje, nyundo husimikwa, kisha springi huirudisha bolti mbele pamoja na risasi mpya. Bunduki nyingi ndogo za .22, yaani zenye risasi ya upana wa takriban inchi 0.22, hazina njia ya gesi, kwa kuwa bolti yake husukumwa na ganda lenyewe, lakini nazo hurudi nyuma na mbele vivyo hivyo. Kwa hiyo ndani ya mashine moja kuna sehemu za namna mbili: zile ambazo chuma husugua chuma, na zile ambazo moto, masizi na gesi hupita. Mtu akiweza kuzitenganisha sehemu hizo kichwani mwake kabla hajashika kopo la mafuta, sehemu kubwa ya kazi ameshaimaliza.

Kabla ya yote, makala haikutaja mpangilio wa kuiondoa risasi bundukini, na kwa bunduki inayojipakia mpangilio ndio usalama wenyewe. Magazini, yaani kisanduku kinachobeba risasi, hutolewa kwanza, ndipo bolti ivutwe. Anayeanza kwa kuvuta bolti ilhali magazini ingali mahali pake ataitoa risasi moja chembani na, atakapoiachia bolti, ataingiza nyingine. Ataamini kwamba bunduki ni tupu, kumbe ameipakia upya kwa mkono wake. Magazini ikishatoka, bolti ivutwe na kuzuiwa nyuma, chemba itazamwe kwa macho kisha iguswe kwa kidole, kwa sababu kulabu iliyochakaa inaweza kuiacha risasi ndani hata baada ya bolti kuvutwa vizuri. SKS, bunduki ya Kisovieti ambayo magazini yake haichomolewi, hufunguliwa kifuniko cha chini ili risasi zimwagike. M1 Garand, bunduki ya jeshi la Marekani yenye klipu (kishikizo cha chuma) ya risasi 8, huvutwa bolti nyuma na kushikiliwa hapo huku kishikio cha klipu kilicho ubavuni kikibonyezwa, na mwenye nayo aulinde mkono wake, kwani kibao cha kusukumia risasi kikigandamizwa hadi chini bolti hujifunga kwa nguvu ya kutosha kukijeruhi vibaya kidole gumba. Kisha risasi zote zipelekwe nje ya chumba cha kusafishia. Sioni sababu yoyote ya risasi na kopo la mafuta kukaa juu ya meza moja.

Nikija kwenye usafi wenyewe, swali la kwanza la kujiuliza ni aina ya risasi iliyotumika, na hili makala haikuligusa kabisa. Fataki za zamani, yaani vikombe vidogo vya dawa kwenye kitako cha risasi vinavyoiwasha baruti, zikiwemo za sehemu kubwa ya risasi za akiba za kijeshi zilizotengenezwa katika nchi za kambi ya Kisovieti, zilichanganywa na potasiamu kloreti. Ikiungua, dawa hiyo huacha potasiamu kloridi, ambayo ni chumvi ya jamii moja na chumvi ya mezani, nayo huvuta unyevu wa hewani na kuanza kuila chuma ndani ya muda mfupi. Mafuta hayaiyeyushi chumvi. Anayeimiminia mafuta bunduki iliyopigwa risasi za namna hiyo huifunika chumvi chini ya utando unaong'aa, na kutu huendelea na kazi yake mahali pasipoonekana. Kinachoiyeyusha ni maji, hasa maji ya moto yanayoupasha mtutu joto ili ukauke upesi. Wapo wanaosisitiza kwamba lazima iwe amonia. Amonia ina kazi yake, nami nitaieleza, lakini si ya kuiondoa chumvi.

Katika bunduki ya gesi chumvi hiyo haiishii ndani ya mtutu. Huifuata gesi hadi kwenye silinda, kwenye pistoni na kwenye uso wa bolti, na sehemu zote hizo zinahitaji maji, kisha kukaushwa kabisa, ndipo sehemu zinazostahili mafuta zipewe. Ukweli huu ulijulikana zamani. Jeshi la Marekani lilipoikubali M1 Carbine mwaka 1941, risasi zake zilitengenezwa kwa fataki zisizoleta kutu, ingawa risasi za Garand za wakati huo bado zilikuwa na zile za zamani, kwa sababu mfumo wa gesi wa bunduki hiyo ndogo haukukusudiwa kufunguliwa na askari kila siku. Mwenye risasi mpya za kiraia kwa kawaida hana shaka hiyo. Mwenye risasi za akiba asizojua asili yake azichukulie kuwa ni zenye chumvi, maana gharama ya kukosea upande huo ni maji ya moto tu.

Ndani ya mtutu ndiko ninakoona uharibifu mwingi kuliko mahali pengine popote, na uharibifu huo hauletwi na risasi bali na mkono wa msafishaji. Mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho panapoigusa risasi kabla haijatoka. Ukichakaa upande mmoja, gesi huvuja bila usawa na shabaha hupotea, hata kama mtutu uliobaki ni mpya. Kwa hiyo fimbo ya kusafishia iingizwe kutoka upande wa chemba kila inapowezekana, ikiongozwa na kifaa kinachoizuia isisugue kuta. Garand na SKS hazitoi nafasi hiyo, na Garand nyingi zilizotumika jeshini zililika mdomoni kwa sababu ya fimbo zilizopigwa ndani na nje mwaka baada ya mwaka. Kwa bunduki hizo naipendekeza kamba ya kusafishia inayovutwa kutoka chembani kwenda mdomoni, au, ikilazimu fimbo itumike, kibano cha kuielekeza kiwekwe mdomoni na mkono uende polepole. Fimbo nzuri ni ya kipande kimoja. Zile za alumini za kuungwa hushika chembe za mchanga katika chuma chake laini, zikageuka kuwa tupa bila mwenyewe kujua.

Mpangilio wa mtutu ni kitambaa chenye kiyeyushi kwanza, ili uchafu uliolegea utoke kabla brashi haijausugua tena ukutani. Kisha brashi ya shaba ipitishwe moja kwa moja hadi itokeze upande wa pili ndipo irudi, maana kuigeuza katikati huzikunja nywele zake. Kisha dakika chache za kusubiri, na vitambaa vikavu vifuate hadi vitoke vikiwa na rangi hafifu tu. Mtu akiona bluu au kijani kwenye kitambaa, hiyo ni shaba iliyoachwa na magamba ya risasi, na hapa ndipo viyeyushi vyenye amonia vina kazi. Ila visiachwe mtutuni usiku kucha, wala visitumiwe na brashi ya shaba, kwa kuwa huiyeyusha brashi yenyewe na kutoa bluu ileile, na msafishaji akaendelea kuuhangaisha mtutu ulio safi. Sikubaliani na ushauri wa kusugua mpaka chuma king'ae kama kioo. Mtutu wa .22 unaopiga risasi za madini ya risasi tupu huweza kuendelea kulenga vizuri muda mrefu kwa kitambaa tu, na brashi za chuma cha pua hazina nafasi ndani ya mtutu wowote ninaoujali.

Chemba inahitaji brashi yake peke yake, pana kuliko ya mtutu, na mara nyingi husahaulika kwa sababu haionekani kirahisi. Masizi yakiganda humo, ganda hukwama na kulabu huweza kuurarua ukingo wake. Lakini chemba ikishasafishwa, ikaushwe. Risasi inapofyatuka, ganda hutanuka na kuzishika kuta za chemba, na kwa kufanya hivyo hupokea sehemu ya nguvu ambayo vinginevyo ingeiangukia bolti. Chemba yenye mafuta, au risasi iliyopakwa mafuta, huuondoa msuguano huo na kuiongezea bolti mzigo ambao haikuandaliwa kuubeba. Zamani walikuwapo wabunifu waliopaka risasi mafuta au nta kwa makusudi ili maganda yatoke kwa urahisi. Bunduki ya rashasha ya Italia, Breda ya mwaka 1930, ilikuwa na chombo chake cha mafuta ndani, na katika vumbi la Afrika Kaskazini mafuta hayo yalikusanya mchanga na kuigomesha. Hilo linatosha kuonyesha kwa nini ushauri wa mafuta kila mahali haukubaliki.

Basi mafuta yaende wapi? Yaende kwenye reli ambazo kibeba bolti huteleza, kwenye meno ya bolti yanayoifunga mahali pake, kwenye mfereji unaoizungusha bolti, kwenye mhimili wa nyundo na wa kifyatulio kwa tone moja moja, na kwenye springi kuu kwa utando mwembamba. Mahali pa kuyaangalia ni palepale rangi ya chuma inapofutika, kwa sababu bunduki iliyotumika huonyesha yenyewe inaposuguana. Kichwa cha pistoni, silinda ya gesi na tundu la gesi katika bunduki kama SKS, Garand na FAL ya Ubelgiji vibaki vikavu kabisa. Mafuta yakikaa pale, moto wa risasi huyapika yakawa gamba gumu la kaboni, na pistoni iliyokusudiwa kuteleza huru huanza kubanwa na kile kilichopakwa ili kuilainisha.

Sehemu nyingine ya kuachwa kavu ni njia ya pini inayogonga fataki. Katika SKS nyingi pini hiyo haina springi ya kuirudisha nyuma na inatakiwa itikisike huru ndani ya bolti. Bunduki hizo huuzwa mara nyingi zikiwa bado zimejaa Cosmoline, grisi nzito ya kuhifadhia, na ikibaki kwenye njia ya pini huweza kuinasa pini ikiwa imechomoza mbele, ili bolti inapojifunga fataki igongwe kabla mtu hajagusa kifyatulio, tena kwa kufuatana mpaka magazini iishe. Kwa sababu hiyo, anayeipokea SKS ya akiba aifungue bolti yote, aioshe kwa mafuta ya taa au kiyeyushi kingine mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto, aikaushe, kisha aitikise bolti sikioni pake. Asiposikia pini ikicheza, asiipige bunduki hiyo.

Kuna aina moja inayoonekana kuipinga kanuni niliyoieleza, nayo ni AR-15, kazi ya mbunifu wa silaha wa Marekani Eugene Stoner, pamoja na jamii yake. Ndani yake hakuna pistoni iliyojitenga mbele. Gesi hurudishwa kwa bomba jembamba hadi ndani ya kibeba bolti, na mkia wa bolti wenye pete tatu ndio unaofanya kazi ya pistoni. Moto unapita palepale panaposuguana, na hakuna namna ya kuvitenganisha. Hapo mafuta yawekwe, kwenye pete, kwenye pini inayoizungusha bolti na kwenye reli za kibeba, lakini yawekwe kwa kujua kwamba yataungua na kuchafuka, hivyo yaongezwe mapema kuliko katika bunduki nyingine na kaboni iliyo kwenye mkia wa bolti ikwanguliwe taratibu. Bunduki hii hustahimili uchafu ikiwa na mafuta kuliko inavyostahimili usafi ikiwa kavu. Pete zake hupimwa kwa urahisi: bolti huvutwa mbele ndani ya kibeba chake, kisha kibeba husimamishwa wima juu ya uso wa bolti, kikididimia kwa uzito wake chenyewe, pete zimechoka.

Mwandishi wenu angeweza kunijibu kwamba kutosafisha ni hatari zaidi, na hapo tungekubaliana. Historia ya M16, ndugu ya AR-15 iliyotumiwa jeshini, ndiyo ushahidi ulio wazi zaidi. Bunduki hiyo ilipelekwa Vietnam miaka ya 1960 ikiwa na sifa ya kuhitaji usafi mdogo mno, askari wengi wakakosa vifaa vya kusafishia, aina ya baruti ikabadilishwa ikawa inayoacha uchafu zaidi, na chemba hazikuwa na utando wa kromu wa kuzuia kutu. Maganda yalikwama chembani katikati ya mapigano, na askari wakalazimika kuyasukuma nje kwa fimbo ya kusafishia kupitia mdomo wa mtutu. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ililichunguza suala hilo mwaka 1967. Marekebisho yaliyofuata yalikuwa ya vitu vya kawaida: kromu chembani, vifaa vya kusafishia na mafunzo ya kuvitumia. Nalitaja jambo hili kwa uzito kwa sababu watu waliumia na wengine wakafa huku silaha zikiwa mikononi mwao.

Kuhusu aina ya mafuta, nafikiri mabishano ni mengi kuliko faida yake. Mafuta ya bunduki yanayouzwa kwa kazi hiyo yanatosha. Grisi hufaa kwenye sehemu zinazobanana kwa nguvu, kama meno ya bolti ya Garand na mfereji wa fimbo yake ya kuendeshea, ile inayosukumwa na gesi ili kuiendesha bolti. Jeshi la Marekani lilijifunza hilo katika mvua, ambako mafuta mepesi yalioshwa na maji na bolti ikawa nzito kufunguka, mpaka askari wakapewa vikopo vidogo vya grisi vya kubeba pamoja na bunduki. Penye vumbi jingi mafuta yapunguzwe, kwenye baridi kali yawe mepesi. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, kwa kuwa yakikutana na hewa hugeuka kuwa utomvu unaonata.

Bunduki ikishaunganishwa, ikiwa bado tupu, ijaribiwe kabla ya kuwekwa. Isimikwe, iwekwe kwenye usalama na kifyatulio kivutwe: nyundo isianguke. Itolewe kwenye usalama, kifyatulio kivutwe: nyundo ianguke. Kifyatulio kikiwa bado kimeshikiliwa nyuma, bolti ivutwe na kuachiwa, kisha kifyatulio kiachiwe polepole mpaka mlio mdogo usikike, ndipo kivutwe tena na nyundo ianguke. Hatua hiyo ya mwisho huhakikisha kwamba bunduki itapiga mara moja tu kwa kila mvuto. Ikishindwa hatua yoyote, iende kwa fundi, wala mwenyewe asianze kuichonga. Masizi yanayotoka bundukini yana madini ya risasi kutokana na fataki na vichwa vya risasi, kwa hiyo mikono ivikwe glavu, chakula kisiletwe mezani, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Kwa kuwa makala imeahidi sehemu ya pili kuhusu uhifadhi, naomba sehemu hiyo ianze kwa kuuchapisha upya mpangilio wa magazini kwanza, bolti baadaye, na iuondoe ushauri wa mafuta kila mahali. Naomba pia isiwashauri wasomaji kuitunza bunduki ndani ya mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na dawa za kutengenezea ngozi huleta kutu. Mafuta yaliyozidi yafutwe kabla ya bunduki kufungiwa kabatini, nayo isimamishwe mdomo ukiwa chini kwa muda ili yaliyobaki yasiteremke hadi kwenye kifyatulio na kuulainisha mti wa kitako. Siku ya kwenda kupiga shabaha, kabla magazini haijaguswa, kitambaa kikavu kipitishwe mtutuni na chembani mpaka kitoke bila mafuta.

Wako katika kazi,
Fundi wa silaha na msomaji wa gazeti lako